Mvua ya Chuma Uani kwa Shangazi

Watu wa Marekani wanaojaza risasi zao wenyewe nyumbani hawatupi maganda yaliyokwisha kufyatuliwa, kwa sababu ganda la shaba ndilo lenye gharama kubwa katika risasi nzima, na likitunzwa vizuri laweza kujazwa tena mara kadhaa. Kwanza huitoa fataki iliyolipuka, yaani kile kikombe kidogo kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti, kisha huyatia maganda katika pipa dogo lenye maji, sabuni ya kuoshea vyombo, ndimu ya unga kidogo na vijiti vya chuma kisichoshika kutu, vyenye unene wa milimita 1 na urefu wa milimita 6 hivi. Pipa likizungushwa taratibu kwa saa 2 au 3, vijiti hupenya hadi ndani ya ganda na kwenye kitundu cha fataki, na shaba hutoka iking'aa kama iliyotoka kiwandani.

Mimi sina bunduki, wala sijapata kuitamani. Kazi yangu ni kukarabati milango ya nakshi hapa Bagamoyo, na milango hiyo ina misumari ya shaba yenye vichwa vikubwa ambayo upepo wa bahari huigeuza rangi ya masizi. Kwa hiyo binamu yangu anayeishi Texas, ambaye huwinda kulungu na hujaza risasi zake mwenyewe, alipokuja likizo na mfuko wa vijiti hivyo wenye uzito wa kilo 2 na ushei, niliupokea kwa mikono miwili.

Mashine niliiunda kwa kipande cha bomba nene la plastiki, kifuniko cha mpira kilichobanwa kwa klipu, na mota ya mashine ya kufulia iliyokwisha kuzeeka, nikaifunga uani kwa Shangazi kwa kuwa ndiko kuliko na umeme wa uhakika na bomba la maji. Wateja wangu hawakosi haraka, na Mzee mmoja alikuwa ameniletea misumari ya mlango wa babu yake kwa sharti kwamba aione inang'aa kabla ya Ijumaa.

Nilipoiwasha, vijiti vilianza kuporomoka juu ya misumari kwa mlio uleule wa mvua inapopiga bati. Jirani yetu, aliyekuwa amelala mchana, alikurupuka na kutoka mbio akianua dagaa wake wote waliokuwa wakikauka mkekani, akasimama na beseni kichwani chini ya jua kali akiitazama mbingu isiyo na hata wingu moja. Aliwaanika tena. Nami nilikuwa nimezima mashine ili nikaze mkanda, kwa hiyo nilipoiwasha upya aliwaanua kwa mara nyingine, safari hii akinuia dua ya mvua yenye heri.

Shangazi hakupendezwa na kitu chochote katika mpango ule. Yeye amesafisha shaba maisha yake yote kwa ukwaju na majivu, na aliponiona napima ndimu ya unga kwa ncha ya kijiko alicheka kwa dharau. Nilimweleza kwamba shaba hii ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na kwamba asidi ikizidi huitoa zinki na kuiacha shaba ikiwa na wekundu wa aibu. "Mwanangu," alinijibu, "hayo masizi ya misumari hayatoki kwa kubembelezwa." Nilikwenda kuswali Alasiri. Nyuma yangu alifungua kifuniko, akamimina maji ya ukwaju ya kutosha wali wa harusi, na juu yake akaongeza gao la magadi anayopikia maharagwe, akakifunga kwa nguvu za mwanamke aliyezoea kukuna nazi.

Mtu yeyote aliyewahi kutia magadi kwenye kitu kichachu anajua jinsi povu linavyofura. Ndani ya bomba lililozibwa, hewa ile haikuwa na pa kwenda. Nilikuwa natoka msikitini niliposikia kishindo, na nilipofika uani nilikuta kifuniko kimekaa juu ya paa la jiko, povu la kahawia linatiririka hadi mlangoni, misumari ya Mzee imetapakaa chini ya mpapai, na vijiti vya chuma vimeenea mchangani vikimetameta. Shangazi alikuwa amesimama katikati, kanga imeloa ukwaju, akisema kwamba alijua tangu mwanzo kuwa mashine ile ni mbovu.

Misumari niliiokota yote. Vijiti nilivifuata kwa sumaku ya spika niliyoifunga kwenye fimbo, lakini kuku walikuwa wamenitangulia, nao walividonoa kwa bidii ambayo sijapata kuiona wakipewa mahindi.

Ijumaa Mzee alikuja kutazama mali yake, na Shangazi, kwa kuona haya, akamchinjia jogoo na kupika pilau. Tukiwa ukumbini alitoka jikoni ameshika kisahani. Alikuwa amepasua firigisi ili aimenye, na ndani yake, katikati ya changarawe, mlikuwa na rundo la vijiti vyangu vilivyosuguliwa hadi vinameremeta kuliko siku nilipovipokea.

Mzee alikichukua kimoja, akakigeuzageuza karibu na jicho. Kisha akaitazama misumari yake, ambayo nusu ilikuwa bado na madoa meusi.

"Kijana," akasema, "hii iliyobaki, si tungewapa kuku tu?"