Ngorongoro si ndoo: programu za ramani katika somo la Jiografia

"Mwalimu, ufa wenyewe wa Bonde la Ufa ndio huu?" Msichana wa kidato cha tatu aliinuka, akaenda hadi ukutani ilipokuwa inamulika projekta, akafuata kwa kidole mstari ulionyooka kama rula kaskazini mwa Ziwa Natron. Huku kijani, huku kahawia. Darasa zima likaitikia ndiyo. Kumbe haukuwa ufa. Programu ya Google Earth huunga picha za satelaiti zilizopigwa siku tofauti, na pale picha ya masika ilikuwa imekutana na ya kiangazi.

Siku hiyo nilikaa nyuma kama mgeni. Tangu hapo, kila ubishi huu ukizuka kwenye chumba cha walimu, wengine wakitaka programu za ramani zichukue nafasi ya karatasi na wengine wakiziita sinema, mimi nashindwa kuwaunga mkono moja kwa moja wa upande wowote.

Wanaozitaka wana hoja, na wala si ya bei. Google Earth Pro ni bure tangu 2015, QGIS, programu ya kutengeneza ramani, nayo ni bure. Bando na umeme ni habari nyingine. Hoja yao kubwa ni ukubwa wa nchi. Karatasi ya skeli ya 1:50,000, ambayo sentimita 2 zake ni kilomita 1, inaonyesha kilima, kijito na njia ya miguu vizuri sana, lakini Bonde la Ufa halienei humo. Mwanafunzi anakariri kwamba Natron, Manyara na Eyasi ni maziwa ya bonde hilo, anajibu mtihani, yameisha. Kwenye skrini mwalimu anapanda juu kidogo tu, na hapo Natron na Manyara yanaonekana yamejipanga kaskazini kwenda kusini, Eyasi limechepukia magharibi. Hakuna ubao utakaofanya kazi hiyo. Na kuna suala la miaka: barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na picha za satelaiti zinamwezesha mtoto kuona kwa macho yake sehemu ya safari hiyo.

Sasa njoo Ngorongoro. Google Earth Pro ina kifaa kizuri cha kuchora mkato: unapitisha mstari kutoka ukingo hadi ukingo, na grafu ya miinuko inatokea chini ya skrini. Darasa lile lilishangilia, maana kreta ilitokea kama ndoo, kuta zimesimama wima. Ila kreta ile ina upana wa karibu kilomita 20 na kina cha mita 600 hivi. Ichore kwa skeli moja wima na mlalo kwenye karatasi yenye upana wa sentimita 20, kina chake ni milimita 6. Hiyo ni sahani, tena ya pilau, si ndoo. Grafu ilikuwa imevuta mita za wima ili umbo lionekane, jambo ambalo hata sisi tunalifanya kwa mkono. Tofauti ni kwamba anayechora kwa mkono analazimika kukokotoa ukuzaji wima, yaani wima umevutwa mara ngapi kuliko mlalo, na kuuandika chini ya mchoro. Programu haikumuuliza mtu.

Wapinzani wangeishia hapo ningewapigia makofi. Lakini karatasi wanayoitetea mara nyingi ni nakala ya nakala, imefifia kiasi kwamba mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, na mito ni rangi moja. Mwanafunzi hajifunzi kusoma mwinuko pale, anajifunza kubahatisha.

Ninachokipinga mimi ni shule kununua projekta kisha kufuta ziara ya mafunzo kwa sababu "tumeshaiona milima". Mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai ukiutazama kutoka angani unaweza kuwa na kilele cheupe, na mwanafunzi aliyetoka kutazama Kilimanjaro atakuambia ni theluji. Mlima ule haufiki hata mita 3,000. Weupe huo ni lava yake ya kaboneti, ambayo hutoka nyeusi na kugeuka nyeupe ndani ya siku chache ikikutana na unyevu wa hewa. Picha haina namna ya kukueleza hivyo. Jiwe mkononi linaeleza, hata kama ni kipande kimoja tu kilicholetwa darasani ndani ya kopo la maziwa.

Mradi wa kuchora ramani wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwahi kuvichanganya vyote viwili, programu na kutembea kwa miguu, bila ubishi. Wanafunzi wa vyuo na wakazi walitembea kwenye kata zinazofurika, wakapima mifereji, kisha wakayaingiza waliyoyakuta kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Kompyuta ilikuja baada ya matope.

Kipindi cha pili, mwalimu wa darasa lile alizima projekta akagawa karatasi za grafu. Yule msichana alipomaliza kuchora Ngorongoro yake ya milimita 6, aliigeuza karatasi, akaisogeza karibu na macho, akauliza kama amekosea hesabu.