Mtoto Asiyependa Kusoma Mpe Kitabu Chenye Ndugu

Mpwa wangu yuko gredi ya sita, na hadi Desemba iliyopita hakuwa amemaliza kitabu chochote cha hadithi. Nilimnunulia vinne kwa mpigo. Vyote akaviachia njiani, kimoja kikiwa na tiketi ya matatu ukurasa wa kumi na moja. Nilipomuuliza akanijibu, "Shangazi, kila kitabu lazima nianze kujua watu wapya."

Jibu hilo lilinifungua macho. Kurasa za mwanzo ndizo mlima wa msomaji mchanga: majina, mahali, nani ndugu ya nani. Katika vitabu vya mfululizo mlima huo anaupanda mara moja. Akifungua cha pili anawakuta wenyeji wake, na anataka kujua yaliyowapata.

Ninachokipendekeza kwanza, bila kusita, ni Akata Witch cha Nnedi Okorafor, kilichotoka 2011. Sunny ana miaka kumi na miwili. Ni zeruzeru, amezaliwa New York, na sasa anaishi Aba, Nigeria. Anapenda kandanda lakini jua la mchana linamuunguza. Kisha anagundua kwamba ana nguvu za ajabu, na kwamba wako wengi kama yeye wanaoishi kwa siri. Katika ulimwengu wao, ukijifunza jambo la maana, vyuma vilivyopinda viitwavyo chittim vinadondoka kutoka hewani hadi miguuni pako. Ndiyo fedha yao. Mpwa wangu alipofika hapo aliinua kichwa akaniuliza kama amesoma vizuri. Hakuna hotuba yangu kuhusu faida ya elimu iliyowahi kumfikia hivyo.

Cha pili, Akata Warrior, kilitoka 2017, na cha tatu, Akata Woman, 2022. Angalia usinunue kitu kimoja mara mbili: Nigeria hicho cha kwanza kilichapishwa kwa jina What Sunny Saw in the Flames.

Kama mtoto wako herufi zinamchezea machoni, au hatulii kitini, mtafutie Percy Jackson wa Rick Riordan, vitabu vitano vya kwanza, vya kati ya 2005 na 2009. Shujaa mwenyewe ana shida hizo hizo, na anasimulia kwa kinywa chake, mbio mbio. Narnia ya C. S. Lewis ni vitabu saba. Matoleo mengi ya sasa huweka namba moja kwenye The Magician's Nephew, kilichotoka 1955. Mimi nasema aanze na kile cha kabati, The Lion, the Witch and the Wardrobe, cha 1950, maana utamu wake ni kuingia kabatini pamoja na msichana Lucy bila kujua kuna nini.

Wapo wanaosema majini na uchawi vinamharibu mtoto. Mwalimu mmoja alimnyang'anya mpwa wangu kitabu wakati wa mapumziko kwa sababu hiyo, na jambo hilo liliniuma sana. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya 1952, ina majini, na ina ndugu wawili waliogeuzwa manyani kwa husuda yao. Tuliisoma, tukaogopa, tukaelewa husuda ni nini.

Shida kubwa hapa Nairobi ni kukipata cha kwanza. Pale tunapopaita inama, vitabu vikiwa vimetandazwa kwenye gunia kando ya barabara, utaona cha tatu na cha tano, bei nzuri kabisa. Usishawishike. Mwachie muuzaji namba yako akutafutie cha kwanza. Wengi wao wanakumbuka wateja wao. Ulizia pia maktaba za Kaloleni na Makadara kabla ya kutoa pesa.

Mpwa wangu sasa yuko katikati ya Akata Warrior. Jana usiku alipiga kwa simu ya mamake kuuliza kama cha tatu kimepatikana. Bado. Jumamosi nashuka tena mjini.