Manyuo ndo geti langu

Watu wakiniuliza mbona bado unahangaika na manyuo, gari ya gia za mkono, zama hizi, nawajibu yale ya vijiweni: manyuo haili mafuta, ina nguvu mlimani, betri ikilala unasukuma inawaka. Hiyo ya betri kweli, oto, ile inayojibadilishia gia yenyewe, utaisukuma mpaka Masasi na haiwaki. Ya mafuta ilikuwa enzi za oto za zamani, hizi za CVT, zenye mkanda badala ya gia za hatua, zinabana hata kuishinda ya kwangu. Na foleni ya kusema mguu unachoka klachi Mtwara ipo wapi, toka Shangani mpaka Naliendele ukisimama sana umepisha mbuzi.

Sababu yenyewe ni ndugu bwana.

Wewe nunua IST, kile kigari cha Toyota, uone. Ni oto, unatia D unakanyaga mafuta, hata aliyejifunza juzi anaondoka nayo. Oktoba ikifika minada ya korosho ikaanza, hela ikaingia, kila kijiji kina shughuli na simu yako hailali. Jirani yangu anayo hiyo IST, ye mwenyewe anatembea kwa miguu, gari mara iko Nanyamba imepeleka bibi harusi mara Tandahimba imebeba masufuria ya kukodi, inarudi mchanga mpaka kwenye redio, taa ya mafuta inawaka, na aliyeazima ndo anamwambia "shem hizi tairi zako zimeisha, utaua watu".

Mimi shemeji akija namwambia chukua, funguo hiyo hapo, roho nyeupe kabisa. Anaingia, anatafuta D haioni, anachungulia chini pedeli tatu, miguu miwili. Anatoka taratibu, "basi shem, acha nichukue boda tu". Sijamnyima! Wajapani wao tangu 1991 wana leseni inayomruhusu mtu kuendesha oto tu, wametuletea magari hiyo leseni wameiacha kwao, ingenisaidia sana kwa hawa wanaong'ang'ania wafundishwe hapo hapo.

Kabaki mmoja, mjomba. Na huku kwetu kusini mjomba hanyimwi kitu, labda uhame ukoo. Ujanani kaendesha malori ya korosho, hakuna utakachomwambia, ila mguu wa kushoto keshauegesha kwenye klachi kama yuko kwenye mkeka barazani. Mlima wa Mikindani mbele kuna lori linajikongoja, ye handibreki hata haigusi, anaizuia gari kwa klachi na mafuta huku anapiga stori, harufu ikijaa ndani anauliza nani anachoma mpira.

"Mjomba, klachi hiyo."

"Hapana mjomba, klachi naijua mimi."

Fundi kafungua gia boksi, diski imebaki chuma kitupu, nalipa mimi. Sasa juzi kapiga simu, eti magoti yanamsumbua, hii tuiuze tuchukue oto, halafu akichoka shemeji yangu atakuwa anampokea usukani.