"Akizaa Litaisha"

Jumamosi nilikaa kwenye benchi la zahanati kwa saa mbili na nusu na binti wa dada yangu, yuko kidato cha tatu, kajikunja kama kapigwa ngumi ya tumbo. Akiingia kwenye siku zake anaumwa mpaka anatapika. Kila mwezi siku mbili, tatu, haendi shule. Tulipofika kwa daktari, kijana wa watu hakumgusa tumbo wala hakumuuliza yameanza lini. Akaandika diklofenaki, dawa ya maumivu, akanitazama mimi, si mgonjwa, akasema: "Ni chango tu hilo, mama. Akizaa litaisha."

Kwenye bajaji binti akaniuliza, "Mamdogo, nizae na nani?"

Nilicheka, halafu nikapandwa na hasira ambazo hazijashuka mpaka naandika hapa. Maneno hayo hayo niliambiwa mwaka 2003, nina miaka 15, nimelala bwenini na chupa ya maji ya moto tumboni. Enzi hizo ukipata mimba shule unafukuzwa, na kizuizi cha kurudi darasani kimekuja kuondolewa Novemba 2021. Yaani dawa niliyoandikiwa ilikuwa kosa la kufukuzwa shule. Bora wangenipa Panadol wakanyamaza.

Nikakua, nikaolewa, nikaenda kuitafuta hiyo dawa. Haikupatikana. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa nne. Mawifi wakaanza kuuliza kama "kuna habari". Mwaka 2018 ndipo nikapasuliwa kwa kamera, matundu matatu madogo tumboni. Wakakuta tishu kama ile ya utando wa ndani ya mji wa mimba imeota nje, nyuma ya kizazi na juu ya ovari. Kila mwezi inavimba na kuvuja damu kama ile ya ndani, ila damu yake haina pa kutokea. Inabaki humo humo na kuacha makovu yanayonatisha viungo. Mrija wangu mmoja ulikuwa umegandana na ovari kama kurasa za daftari lililonyeshewa. Ovari ya kushoto ilikuwa na uvimbe uliojaa damu ya zamani, nzito, rangi ya chokoleti. Sasa hapo yai lipite wapi?

Endometriosisi. Miaka 15 nimekuwa naambiwa chango.

Hebu nisaidieni. Ugonjwa unaokuzibia njia ya kupata mtoto, tiba yake unaambiwa ni mtoto. Gari limegoma kuwaka, fundi anakwambia liwashe ulilete gereji.

Haya, nakubali, wapo wanaopata nafuu. Ukiwa na mimba, na ukinyonyesha, hedhi inasimama, maumivu yanapumzika. Yanapumzika tu. Hedhi ikirudi, wengi yanawarudia. Na ndiyo, si kila mwenye ugonjwa huu ni tasa, wengi wanashika mimba bila msaada wa mtu. Millen Magese, Miss Tanzania wetu wa 2001, aliuongelea ugonjwa wake hadharani wakati wenzake wanaona aibu, na mwaka 2017 akampata mwanawe. Lakini nikisikia "chango tu" namkumbuka Njambi Koikai, yule mtangazaji wa Kenya. Kwake ulipanda mpaka mapafuni. Alifariki Juni 2024.

Shirika la Afya Duniani linakadiria mwanamke mmoja kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa anao. Darasani kwa binti kuna wasichana zaidi ya 40. Piga hesabu, daktari.

Dada yangu, mama wa huyu binti, yeye ni faibroidi. Alibeba tumbo mpaka abiria kwenye mwendokasi wakawa wanampisha kiti, naye anakaa, afanyeje. Faibroidi si saratani, ni misuli ya kizazi iliyoota uvimbe, na wanawake weusi wengi tunazo bila kujua. Kubwa kuliko yote ni mahali ilipokaa. Iliyoota upande wa nje inaweza kufika ukubwa wa embe dodo na mimba ikatunga. Iliyochomoza ndani, pale mimba inapojishikiza, hata ikiwa kama zabibu inaweza kuizuia au kuiporomosha. Dada aliporomosha mbili kabla mtu hajamwambia hilo. Alikuwa ameshauriwa atoe kizazi chote, "si mtoto mmoja unaye?" Akakataa, akatolewa faibroidi saba, kizazi anacho hadi leo.

Wauza vidonge vya kusafisha kizazi, naombeni msije kwenye maoni. Makovu hayasafishwi. Na wanaume ambao mmesubiri mke apimwe kila kitu ndipo mfikirie kupima mbegu, nanyi nawaona.

Jumanne tuna miadi kwa daktari wa wanawake, mbali kidogo, nauli ya kubadilisha magari mawili. Binti kaandika tarehe zake zote za miezi sita nyuma ya daftari la Fizikia. Siku alizokosa shule kazizungushia kalamu nyekundu. Ziko 16.