Tuwaulize wagombea wanadaiwa na nani

Jumanne jioni nilikuwa nafunga duka alipoingia mheshimiwa mmoja, diwani mpya wa wilaya, simu mkononi, jasho likimtiririka. Nina duka dogo la kuchapa na fotokopi hapa Busia, upande wetu wa Uganda. "Mwalimu, nisaidie," akasema. Niliacha kufundisha miaka tisa iliyopita, lakini wengi hapa bado wananiita hivyo. "IGG wanataka tutangaze mali kwenye mtandao, na hiyo fomu ya Kiingereza inanichanganya." IGG ni ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali, inayosimamia maadili ya viongozi.

Nikawasha tena mashine, tukaanza. Nyumba moja ya matofali, vyumba vinne. Ng'ombe watatu. Pikipiki mbili anazowapa vijana wa boda. Ploti moja nyuma ya barabara kuu. Akaunti ya benki na salio lake. Alijibu haraka, bila kusita, na naamini yote aliyosema hapo yalikuwa kweli. Tukafika kwenye madeni. Akageuka kutazama mlangoni, kisha akanirudia.

"Hapo andika hakuna."

Vidole vyangu vikasimama juu ya kibodi. Ile ploti aliyoitaja dakika tano kabla, mimi ndiye niliyechapa karatasi ya kuiweka rehani. Ilikuwa Septemba mwaka jana, msimu wa kuandikisha wagombea wa serikali za mitaa. Walikuja watatu: yeye, shahidi wake, na kontrakta mmoja wa barabara za murram na makalvati ambaye gari lake kila mtu hapa analijua. Shilingi milioni 18. Riba asilimia 10 kwa mwezi. Wakaweka sahihi mezani kwangu, wakaenda kugongewa muhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wakarudi nikatoa nakala tatu, ya tatu ikabaki kwenye faili langu. Nakumbuka hata wino wa muhuri ulikuwa haujakauka, ukaacha alama ya zambarau kwenye kioo cha mashine yangu ya fotokopi. Niliufuta kwa spiriti.

Sitamtaja, wala sitasema ni wa kata gani. Mteja akileta karatasi dukani kwangu, siri yake inabaki dukani. Lakini toka Jumanne sijalala vizuri.

Piga hesabu uone. Milioni 18 kwa asilimia 10 ni shilingi milioni moja na laki nane kila mwezi, riba tupu, kabla hujagusa deni lenyewe. Diwani wa wilaya anaishi kwa posho za vikao. Ukusanye posho zake zote, uongeze maziwa ya ng'ombe watatu na hesabu ya boda mbili, hufiki riba hiyo. Sasa atalipaje? Kontrakta aliyetoa pesa ile si mjinga. Hakuwa anamkopesha mtu mwenye ng'ombe watatu. Alikuwa anamkopesha mtu atakayekaa kwenye baraza linalopitisha bajeti ya wilaya, mtu atakayeketi kwenye kamati inayokagua kama kalvati limewekwa au halikuwekwa. Na likiwekwa bovu, likazolewa na mvua ya kwanza, nani atasimama kikaoni kuuliza? Yule aliyeweka ploti yake rehani kwa mwenye kalvati?

Hapa ndipo sheria yetu inaponikera. Sheria ya Maadili ya Viongozi ya 2002 inataka kiongozi atangaze mapato yake, mali yake na madeni yake. Imeandikwa vizuri kabisa. Lakini inamtaka afanye hivyo ndani ya miezi mitatu baada ya kuwa kiongozi, kisha kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Machi. Baada ya kuwa kiongozi! Wakati ule sisi tumeshapiga kura, tumeshapiga vigelegele, ameshaapishwa, na miaka mitano imeshaanza kuhesabiwa. Ni sawa na kumuuliza bwana harusi kama ana mke mwingine baada ya mahari kuliwa.

Angalia tunachomdai mgombea kabla. Anayetaka uenyekiti wa wilaya lazima alete cheti cha kidato cha sita au kinacholingana nacho. Anayetaka ubunge analipa milioni tatu za uteuzi, hazirudi. Mtumishi wa umma lazima ajiuzulu kwanza. Picha ziwe za saizi fulani, waliomdhamini wawe kwenye daftari la wapiga kura, na kosa dogo la jina linaweza kumtoa mtu kwenye karatasi ya kura. Nimewaona watu wakilia hapa dukani kwa sababu cheti kinasema hivi na kitambulisho kinasema vile. Tunajua kusoma vyeti kwa darubini. Ila swali moja, pesa hizi za mabango, mafuta, spika na fulana umezitoa wapi na utazirudisha vipi, hakuna anayeliuliza siku ya uteuzi.

Ninachotaka ni kitu chepesi. Ukurasa mmoja, siku ile ile ya uteuzi, uorodheshe kila mkopo wa kampeni: kiasi gani, kutoka kwa nani, dhamana ni nini. Ubandikwe kwenye ubao wa makao makuu ya kata, pale pale wanapobandika orodha za wanufaika wa PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia. Kila parokia inapelekewa milioni 100 kwa mwaka kwa mpango ule, na wananchi wanasimama pale kusoma majina mpaka ya mwisho, wanasukumana. Wangesoma na hili. Na liandikwe kwa lugha tunayoongea sokoni. Baraza la mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi mwaka 2022, basi kianzie hapo.

Najua mtaniambia fomu za IGG tayari ni za umma. Ndiyo, sheria inasema mwananchi anaweza kuona tamko la kiongozi, ila aombe kwa fomu maalumu, apeleke ofisini kwao. Nitajieni mama mmoja anayeuza omena soko la Sofia ambaye amewahi kuacha meza yake akaenda kujaza fomu ya kuomba kuona fomu. Mwaka baada ya mwaka karatasi hizi zinajazwa, zinahifadhiwa, na anayezihitaji kuliko wote hazijui. Hata kesi: sheria ni ya 2002, lakini baraza la kusikiliza mashauri yake liliapishwa 2020. Miaka 18 viongozi walikuwa wanatangaza mali huku hakuna baraza la kuwahukumu waliodanganya. Nakiri siku hizi linafanya kazi, na kuna viongozi wa ngazi ya chini waliofikishwa mbele yake. Ni mwanzo.

Wengine wanasema ukiweka hadharani mali za mtu unawaita majambazi na ndugu wa kuombaomba. Sawa, mali zake azifiche. Mimi nataka madeni.

Majirani nao? Hatua chache kutoka dukani kwangu ni Kenya. Wana sheria ya fedha za kampeni tangu 2013, na mpaka leo haijawahi kumbana mgombea hata mmoja. Nawasikia wateja wangu wa ng'ambo wakilalamika vile vile kuhusu MCA wao, yaani madiwani wa kaunti. Tanzania wana Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010. Sheria zipo. Kuandika sheria hakujawahi kuwa shida ya Afrika Mashariki.

Sasa nirudi kwetu wenyewe, maana siwezi kumsema mheshimiwa peke yake. Zile milioni 18 nilizishuhudia zikiondoka. Nilimwona kwenye mazishi ya jirani yetu mzee mmoja, Oktoba. Alifika na magunia mawili ya unga wa posho, kreti za soda, na bahasha ya familia. MC akashika kipaza sauti, akataja kiasi, watu wakapiga makofi kaburi likiwa bado wazi. Mpinzani wake, mama mmoja mwalimu wa shule ya msingi, alikuja na elfu ishirini na pole ya kweli, akakaa na wajane mkekani mpaka jioni. Kipaza sauti hakikumtaja. Nilisikia mzee mmoja nyuma yangu akisema, "Huyu mama hana kitu, atatusaidia nini?" Na mimi nilinyamaza. Nilikunywa ile soda.

Huyo mama alishindwa vibaya. Hakuwa na deni hata la shilingi moja, na sisi tulilihesabu hilo kama kasoro. Kama karatasi ya milioni 18 ingekuwa ubaoni Septemba, pengine bado angeshindwa. Lakini yule mzee angejua ile soda ililipwa na nani, na kwamba kalvati la kwenda zahanati ndilo litakalorudisha pesa yake. Angechagua akijua.

Naandika haya nikiwa na hasira, na nusu ya hasira hiyo ni yangu mwenyewe, maana Jumanne sikukataa. Mheshimiwa alisema "hakuna", nami nilianza kuandika. Nikaandika herufi zote nne za "none". Kabla sijabonyeza kutuma, intaneti ikakatika, kama inavyokatika kila jioni mtaa huu, na yeye alikuwa na haraka ya kwenda kwenye kikao. Akasema atarudi Ijumaa.

Fomu bado iko kwenye kompyuta yangu, haijatumwa. Nimefuta zile herufi nne. Ijumaa akija nitamwekea kiti, nitampisha mbele ya kibodi, nitamfungulia sehemu ya madeni, na nitaitoa ile nakala ya tatu kwenye faili niiweke mezani pembeni yake. Vidole vitakavyoandika hapo vitakuwa vyake.