Papa wangu aliomba alama zangu, chuo kikamnyima

Nilipompigia Mama simu kumwambia nimekubaliwa katika koleji moja ndogo huko Iowa, Marekani, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa unarudi ku Alfajiri?"

Kwa msioijua Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo: kwetu koleji ni shule ya sekondari, na Alfajiri ni ile ya Wajesuiti ambayo wazazi wa mji mzima wanatamani mtoto wao aingie. Mama hakuelewa mtu mwenye diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, aliyekwisha kumaliza mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, amekosa nini mpaka arudishwe koleji. Nikaeleza, nikaeleza tena. Mwisho akasema sawa, ila majirani atawaambia ni "université".

Basi nimekuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mara mbili. Mara ya kwanza Bukavu, katika oditwari, ukumbi wa mihadhara, ambamo ukifika saa mbili umechelewa, unasimama dirishani na kuandika daftari likiwa juu ya mgongo wa mwenzako. Mara ya pili huku, kwenye kamji kalikozungukwa na mahindi pande zote (mahindi hayana mwisho, na bugali hakuna, mengi ni ya kulisha mifugo na kutengeneza mafuta ya gari), katika darasa la kemia la watu 14.

Siku ya kwanza Prof alituambia kila mtu achukue silabusi. Mimi nikatoa dola 10. Kwetu silabusi ni somo lenyewe, limepigwa fotokopi na kubanwa pini, linauzwa, na katika kozi fulani asiyenunua jina lake linakosekana kwenye orodha ambayo hakuna mtu anayekiri kwamba ipo. Prof alizitazama pesa, akanitazama mimi. Silabusi yake ilikuwa karatasi nne za bure: tarehe za mitihani yote hadi Desemba, kila zoezi lina uzito gani, saa gani utamkuta ofisini. Jioni niliisimulia nyumbani kama mtu aliyeona muujiza. Muujiza ulipungua nilipoambiwa bei ya kitabu cha kemia: zaidi ya dola 100. Kila nchi ina mahali pake pa kukukamua.

Mengine mazuri nayapita haraka. Umeme hauondoki, maabara ina vifaa, Prof anajua jina langu na analitamka vibaya kwa bidii. Ninacholalamikia ni kimoja tu, na najua wenzangu wengi wa diaspora watanipinga.

Mwezi wa kumi nilipata 47 kwa 100 katika mtihani wa kwanza wa kemia. Karatasi ilirudishwa imekunjwa, alama imeandikwa kwa ndani ili jirani asione. Asubuhi iliyofuata Papa alipiga saa kumi na mbili, kwake ikiwa saa saba mchana. "Pointi?" Papa akishika mambo ya masomo, salamu hungoja. Nikasema matokeo hayajatoka. Wiki iliyofuata nikasema bado. Mwezi wa kumi na moja nikasema huku wanatoa yote kwa mkupuo, mwisho wa mwaka.

Papa ni mwalimu wa shule ya msingi, uongo wa wanafunzi anaujua tangu mimi sijazaliwa. Akaandika barua, binamu yangu akaitafsiri, ikatumwa chuoni kwa barua pepe: mimi ni baba wa fulani, naomba pointi zake. Jibu lilikuja na adabu nyingi: haiwezekani. Marekani kuna sheria ya mwaka 1974 inayosema mtoto akishaingia chuo, hata akiwa na miaka 17, haki juu ya rekodi zake za masomo inatoka kwa mzazi na kuwa yake. Mzazi akitaka kuona, mtoto aweke sahihi. Papa hakulipa ada, kweli, nina ufadhili. Lakini aliuza kiwanja chetu cha mtaa wa Panzi ili nipate tiketi. Alinisomea lile jibu kwenye simu polepole, kama anayesoma hukumu. Halafu akauliza: "Banasema wewe si mtoto wangu tena?"

Kwetu alama haina mwenyewe mmoja. Siku ya proklamasio mnasimama uani, majina yanasomwa: hawa wana distinksio, hawa wana satisfaksio, na waliobaki wanajijua. Matokeo ya Mtihani wa Serikali yakitoka, mtaa unajua kabla hujafika nyumbani, na ukipita unamwagiwa poda kichwani mpaka unafanana na mtu aliyetoka kinuni. Asiye na poda naye anaonekana.

Sisemi kwamba ni kuzuri. Binamu yangu, huyo huyo mtafsiri, mwaka wake wa kwanza jina halikusomwa. Alitoka kwa njia ya nyuma, akaenda kujificha kwa shangazi kule Bagira siku nne, na Kadutu sokoni kuna mama aliyelifanya jambo lile kuwa habari ya kuuzia nyanya. Lakini siku ya tano yaya mmoja, yaani mkubwa wake aliyemtangulia chuoni, alimfuata huko huko Bagira, kabeba madaftari yake ya zamani. "Tuanze na hesabu," akamwambia. Alikuja kwa sababu alijua, na alijua kwa sababu jina halikusomwa mbele ya watu. Sesio ya pili, ile ya kurudia mitihani, binamu akapita.

Mimi nilikaa na 47 yangu peke yangu wiki nyingi. Aibu sikuipata, na wa madaftari sikumpata.

Mtaniambia: si Prof alikuwa na saa zake za ofisini? Alikuwa nazo. Jumanne na Alhamisi mlango wake ulikuwa wazi kabisa, nami nilikuwa nikiupita kwa miguu ya haraka. Kule nilikotoka, ukionekana kwenye ofisi ya profesa watu wanauliza kuna nini. Huku msaada umejaa, ila lazima uuombe kwa kinywa chako mwenyewe. Mtu aliyelelewa na watu wanaomtazama usoni na kumuuliza "una nini?" hajawahi kufundishwa kuanza yeye. Hilo ndilo somo la mwaka wa kwanza ambalo halikuandikwa kwenye zile karatasi nne.

Nililipata mwezi wa pili. Jumapili tarehe 16 Februari 2025 mji wetu ulikuwa mikononi mwa waasi wa M23. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulikuwa umechukuliwa siku mbili kabla. Simu za nyumbani hazikupatikana. Jumatatu nilikuwa na mtihani. Nikaketi kati ya wale 14, nikaandika jina langu, nikabaki nikilitazama. Hakuna aliyeniuliza kitu, wala siwalaumu, maana katika chumba kile Bukavu ilikuwa kwangu peke yangu. Katika oditwari yetu, yule mwenye mgongo wa kuandikia angegeuka.

Usiku mwenzangu wa chumba, kijana wa mkulima wa hapo hapo, aliniona nimeishika simu bila kuipiga. Akauliza kama naumwa. Nikasema yote. Asubuhi alinipeleka mwenyewe kwa Prof, nikapewa siku nyingine ya mtihani, na kufikia jioni hata wapishi wa bwalo walikuwa wakiniuliza habari za nyumbani. Siku ile niliacha kusema kwamba watu hawa ni wakavu. Walikuwa wakingoja niseme.

Simu ya nyumbani ilipoita tena, wote walikuwa wazima. Papa alisema benki zimefunga, shule zimefunga. Akanyamaza. Kisha: "Na pointi?"

Nikaenda kuomba ile fomu ya kumruhusu mzazi. Karani aliniuliza mara mbili, kwa upole, kama kuna mtu anayenilazimisha. Nikasema hapana. Ningemweleza vipi kiwanja cha Panzi? Bado naamini sheria yao ina sababu, na wapo wazazi ambao hawapaswi kuona karatasi hizo. Lakini kati ya kuaibishwa uani na kuzama kimya ndani ya chumba chenye umeme wa saa 24, mimi niko upande wa Papa.

Mwezi wa tano matokeo yalimfikia moja kwa moja. Kemia: B minus. Huku B minus haipigiwi simu mtu. Papa akataka kujua hiyo ni asilimia ngapi. Nikasema 81. Akanyamaza hadi nikadhani laini imekatika.

"81," akasema. "Njo grande distinksio hiyo."

Na kwetu ndivyo, kuanzia 80. Sikumsahihisha. Kwa nyuma nilimsikia Mama akiuliza ngapi, ngapi, kisha mdogo wangu akipiga chafya na kulalamika. Poda ilikuwepo nyumbani, kichwa changu hakikuwepo, wakatumia cha kwake.