Mzuka wa Kusoma Hauletwi na Mgeni Rasmi

Shule zetu nyingi Tanzania zina utaratibu wa ajabu kidogo: mahafali ya kidato cha nne hufanyika kabla ya mtihani. Septemba au Oktoba turubai linafungwa uwanjani, spika zinaletwa, wazazi wanakuja na mataji ya maua ya plastiki na zawadi zilizofungwa kwa karatasi za kumeta. Mgeni rasmi anachelewa saa mbili, kisha anasimama na kusema elimu ni ufunguo wa maisha. Zipo shule siku hizi zinazoongeza na mhamasishaji wa kulipwa, anayewaambia watoto wafumbe macho wajione wakiwa madaktari. Jumatatu yake mtoto yule yule anafungua daftari la Fizikia, mada ya mawimbi, haelewi kitu, na mzuka, ile hamu yote ya kusoma ya Jumamosi, umeshayeyuka.

Sina ugomvi na mahafali. Pilau lenyewe huwa zuri. Ninachokikataa ni ile imani kwamba mwanafunzi asiyesoma amekosa maneno ya kumtia moyo. Nimefundisha Baiolojia shule ya kata, na mpaka leo jioni watoto wa mtaani kwetu huja barazani na madaftari yao. Wale wanaosema "sina mzuka wa kusoma" wanajua fika kwamba kusoma kuna faida, wameambiwa tangu chekechea. Hawajawahi kuona ushahidi kwamba wao wenyewe, kwa saa moja ya leo, wanaweza kusogea hata hatua moja. Ushahidi huo ukipatikana, mzuka unakuja wenyewe. Usipopatikana, hata ungemleta nani jukwaani, utaisha kabla viti havijarudishwa.

Njia nyingine tunayoipenda ni kutisha. Silaha kubwa imekuwa mtihani wa 2012, ambao matokeo yake yalitangazwa Februari 2013: zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata ziro, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na matokeo yakaja kupangwa upya. Kwa miaka kadhaa baadaye, mwalimu akitaka darasa litulie aliutaja mwaka huo. Sijamwona mtoto aliyesoma zaidi kwa sababu hiyo. Ukimwambia mtu kwamba wengi wa waliomtangulia walianguka kwa mkupuo mmoja, anachokisikia ni kwamba mtihani ni bahati nasibu, na bahati nasibu haisomewi.

Ndiyo maana sikusikitika Januari 2023, Baraza la Mitihani, NECTA, lilipoacha kutangaza wanafunzi kumi bora na shule kumi bora. Wapo waliolalamika kwamba ushindani umeuawa. Ushindani upi? Orodha ile ilikuwa habari tamu ya gazeti. Kijana mwenye pointi 28 hakuwa anashindana na mtu yeyote aliyetajwa mle. Alikuwa anashindana na pointi 25.

Na hapo kwenye 28 na 25 naomba tukae kidogo, maana inanishangaza jinsi watoto wanavyofika kidato cha nne bila mtu kuwakalisha chini na hesabu hii. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Yanachukuliwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, pointi zake zinajumlishwa. Kuanzia 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu, 26 hadi 33 ya nne, na 34 au 35 ni ziro. Sasa mchukue mtoto aliyerudi nyumbani na moku, ule mtihani wa majaribio, yenye D saba. Saba mara nne, 28. Kwa wazazi wengi divisheni foo na ziro ni mtu na ndugu yake. Anakaripiwa, anafananishwa na mtoto wa jirani, na yeye mwenyewe anakata shauri kimoyomoyo kwamba shule si fungu lake.

Mwambie alete karatasi zenyewe. D inaanzia alama 30 na kuishia 44. C inaanzia 45. Tuseme Historia ana 43, Jiografia 41, Kiswahili 40, na mengine yako kwenye thelathini na kitu. Historia inahitaji alama mbili. Jiografia nne. Kiswahili tano. Jumla kumi na moja, na tayari D tatu zimekuwa C tatu, 28 imekuwa 25. Uchaguzi wa kidato cha tano umekuwa ukitazama mambo hayo hayo: pointi zisizozidi 25, na C au zaidi kwenye masomo matatu ya tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo atakayoendelea nayo. Historia, Jiografia na Kiswahili ni HGK.

Binti mmoja nilimfanyia hesabu ya namna hii akaninyang'anya kalamu. Akajumlisha mwenyewe, akarudia kutoka chini kwenda juu, kisha akauliza, "Kumi na moja tu, mwalimu?" Alama kumi na moja ni nusu swali la insha hapa na michoro miwili iliyowekwa majina vizuri pale. Akaanza kuniuliza Historia ni mada zipi zinatoka mara kwa mara. Mwezi mzima nilikuwa nambembeleza aulize swali hilo.

Nitaambiwa nawafundisha watoto kulenga chini. Mtu anayelenga 45 akiteleza kidogo ataangukia 42, hilo kweli, kwa hiyo mazoezini alenge 55. Lakini kumwambia mwenye 41 aote 90 ni kumpa sababu ya kutoanza. Na mwenye pointi 9 hana haja na makala hii, ingawa hata yeye hesabu yake ni ile ile: B ipi iko karibu na 75?

Kikwazo kingine tunakizunguka kila siku bila kukitaja, nacho ni lugha. Kijana mmoja alikwama kwenye swali la osmosisi: kipande cha kiazi kimewekwa kwenye maji ya chumvi nyingi, eleza kilichotokea. Nikamwambia anieleze kwa mdomo. "Maji yametoka kwenye kiazi yakaenda kwenye chumvi, kiazi kikalegea. Si kama kachumbari, ukiitia chumvi mapema inajaa maji?" Jibu safi, tena lenye mfano wake mwenyewe. Karatasi yake ilikuwa tupu. "Naielewa, mwalimu, ila siwezi kuiandika."

Huyu amesoma miaka saba kwa Kiswahili, kidato cha kwanza akageuziwa Kiingereza, na kwa miaka minne amekuwa akikaa mbele ya kurasa asizozisoma kwa raha. Saa mbili, ukurasa mmoja, hakuna kilichoingia. Kisha tunamwita mvivu. Mimi ningekuwa yeye ningeacha zamani. Tulichofanya ni kuandika nyuma ya daftari maneno matano ya Kiingereza ya mada ile, matano tu, halafu akajibu swali kwa sentensi tatu zenye sarufi ya kuchechemea. Nikamsahihishia pale pale kwa kalamu nyekundu: tatu kati ya tano. Aliitazama ile tatu kwa muda. Kesho yake alikuja na swali la pili ambalo hakuna aliyemtuma.

Kusahihishwa siku hiyo hiyo ndiko kunakobeba mambo, na ndiko kunakokosekana kwenye darasa la watoto themanini. Simlaumu mwalimu wa darasa hilo. Madaftari themanini mara mikondo mitatu si mchezo. Ila wanafunzi wanaweza kusahihishiana wakipewa mwongozo wa majibu. Pepa za miaka iliyopita zipo kila duka la stesheneri, na wanne wakichangiana kutoa kopi hakuna anayeumia. Kikundi cha diskasheni kisicho na pepa mezani, kwa maoni yangu, ni kijiwe chenye sare za shule.

Kuna jaribio la 2006 la wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, ambalo ningependa kila mwenye kidato cha nne nyumbani alijue. Waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Baadhi walikirudia kukisoma, wengine walifunika karatasi wakajipima wanakumbuka nini. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliojipima wakawaacha. Tazama hiyo inafanya nini kwa moyo wa mtu. Kurudia daftari kunakupa raha ya usiku ule, unalala ukijiona umeiva. Moku inakuja, kichwa kiko wazi, na unahitimisha kwamba huna akili. Akili unazo. Ulichokosea ni namna ya kusoma, na hiyo inabadilishika wiki hii hii.

Halafu kuna uchovu, ambao tumeupa jina la kukosa ari. Binti wa shule ya kutwa anafika nyumbani saa kumi na moja. Kuna ndoo za maji, kuna mboga ya kuchambua, kuna mdogo wa kuogesha, kuna vyombo. Saa tatu usiku anafungua kitabu, saa tatu na robo amesinzia juu yake, na mama anasema mtoto huyu hana hamu na shule. Kaka yake amekuwa sebuleni muda wote huo na taa. Mama, nakuheshimu sana, lakini kuanzia Agosti mpaka Novemba hebu vyombo vioshwe na kaka. Kambi za kujiandaa na mtihani husaidia kwa sababu hii kuliko nyingine yoyote: mtoto anapata taa, na hakuna anayemwita jikoni. Mzazi asiyeweza kuchangia debe la mahindi na maharage ya kambi anaweza kumpa mwanawe saa moja na nusu isiyoguswa. Saa hiyo iwe ile ile kila siku, ikiwezekana alfajiri kabla ya zamu za ndoo.

Kukesha sitasema mengi: miguu kwenye beseni la maji baridi ni hadithi za kusimulia, siyo kusoma. Na wale wanaozungusha kwenye simu pepa "zilizovuja" wiki ya mtihani, wafute. Mtoto akishanusa kwamba kuna njia ya mkato anaacha kusoma siku hiyo hiyo, na nyingi ya pepa hizo ni za kubumba.

Zitakuwepo siku ambazo hata hesabu ya alama kumi na moja haikusogezi. Siku hizo chukua swali moja fupi, la somo unalolipenda, lijibu, lisahihishe, funga. Usijilazimishe kufidia saa zilizopotea jana, kwa sababu deni la saa likikua mtu huacha kulipa kabisa.

Novemba yenyewe ni ndefu. Pepa zinasambaa kwa wiki kadhaa, na pigo kubwa la moyo huja katikati, nje ya chumba cha mtihani, pale watu wanapoanza kuulizana swali la sita umejibu nini. Pita, nenda nyumbani ukale. Wengi wanafanya masomo zaidi ya saba, na yanayohesabiwa ni saba bora. Fizikia ikikuharibikia Jumanne na una masomo tisa, bado manane yamebaki, na divisheni yako inahitaji saba tu kati ya hayo. Jumatano asubuhi ni Jiografia: ingia na rula, penseli iliyochongwa na kalamu mbili.